Ng'ombe wa Mchezo

Asubuhi ile niliwahesabu mara tatu, na mara zote tatu walikuwa kumi na wawili.

Hawakupaswa kuwapo. Mchezo wetu ulikwisha jana yake jioni, watazamaji wakatawanyika, wenzangu wakapanda lori bovu la kiwanda kwenda Bunda, ambako tungeimba tena kesho yake alasiri. Mimi nilibaki kulala kwetu, kijijini karibu na Butiama, kwa kuwa baba aliniomba. Mzee Nyamhanga hakuwa mtu wa kumwomba binti yake kitu. Hilo peke yake lingenishtua, lakini mtu aliyejaa furaha huwa kiziwi, na mimi nilikuwa nimejaa Felisiani hadi kooni.

"Baba," nikasema, "ng'ombe wa watu mbona hawajarudishwa?"

Alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, mswaki wa mti mdomoni, akiwatazama kama mtu anayetazama shamba lililokubali.

"Wa watu gani?"

"Si wa Boniphace wa Nyamuswa? Tuliwaazima kwa ajili ya mchezo."

Akatema mate pembeni, akacheka. "Eti mchezo. Jenoveva, mimi nimekuwaga mjinga lini? Jana mshenga amekuja hapa na kundi. Ametaja mwenye ng'ombe, ametaja binti anayetakiwa. Umeulizwa mara tatu, mara tatu umeimba wapite. Baba yako mdogo Keraryo ameshika mkia wa dume la mbele. Wanawake wamepiga vigelegele. Unataka nini kingine, barua ya ofisini?"

"Baba, tulikuwa tunaigiza!"

"Wewe uliigiza. Ng'ombe hawaigizi. Mavi yao hayo, unayakanyaga."

Nikatazama chini. Nilikuwa nayakanyaga kweli.

"Basi nitakwenda kwa Boniphace mwenyewe, nimweleze."

"Kajaribu. Ng'ombe walioingia kwa wimbo hawatoki kwa maneno. Sheria hiyo sikuitunga mimi, nimeikuta." Akanigeukia, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona akimtaja Felisiani. Heshima. "Na yule mtu wako wa ziwani, nilikuwa namdharau. Nilisemaga, huyu atatuletea nini hapa, mizigo ya sangara? Lakini mwanaume anayejua hana ng'ombe, akamleta mwenye nao, huyo ana akili."

"Akamleta nani?"

"Kwani hakukwambia? Wiki mbili zilizopita walikuja hapa wote wawili. Yeye na Boniphace. Walikaa pale, kwenye lile gogo."

Nililitazama gogo. Sijui nilitarajia liniambie nini.

*

Ili ujue nilivyouzwa, lazima ujue nilivyopenda.

Kundi letu lilikuwa la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo pale Musoma. Vikundi vingine vya viwanda vilicheza ngoma na sarakasi. Sisi tuliimba hadithi nzima, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, hakuna kuongea jukwaani. Padri mmoja mzee aliyetuachia kinanda chake alisema kwao kitu hicho huitwa opera. Watu wa Musoma walikiita Mwimbo Mrefu, na jina likatukaa.

Felisiani ndiye aliyetunga. Alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, mtoto wa wavuvi wa Kibara, na kichwani mwake hakukuwa na woga hata chembe. Mwaka mmoja alitunga mchezo wa samaki: sangara mmoja, mwenzetu Stanislausi mwenye sauti ya pipa, anawameza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mmoja mmoja, hadi jukwaa linabaki tupu na yeye analia njaa peke yake. Tulipouimba Kibara, wanawake waliokuwa wakikausha furu miaka yote wakalia kama kwenye msiba. Mwaka mwingine akatunga wa mjane anayekataa kurithiwa. Wazee wakasimama katikati ya mchezo wakaondoka kwa hasira. Kisha wakarudi, wakasimama nyuma ya umati, kwa kuwa walitaka kujua mwisho.

Nani asingempenda mtu kama huyo?

Sikujua kusoma nota. Alinifundisha kila wimbo akiwa amesimama nyuma yangu katika ukumbi wetu wa mazoezi pale Buhare, vidole vyake viwili vikinigonga begani, polepole kwa sauti ndefu, upesi kwa sauti fupi. Miaka mitatu. Mwili wangu ulijifunza vidole vile kabla moyo haujajua. Nilipokosea, vidole vilisimama tu, nami nikageuka, nikakuta macho yake yananisubiri, mapana, yenye wekundu kidogo wa vumbi la pamba. Siku moja nilikosea makusudi. Akajua. Akasema, "Jeno, hapo hukukosea," na hakuyaondoa macho yake hadi mimi nilipoyaondoa yangu.

Alipokwenda kwa baba kunichumbia, baba alimuuliza swali moja tu. Kwenu mna ng'ombe wangapi? Akajibu, kwetu tuna nyavu. Baba akamwonyesha njia.

Kisha mambo ya kiwandani yakageuka. Mwaka ule sabuni na sukari zilirudi madukani, lakini mishahara ndiyo ikaanza kupotea. Watu walinunua mitumba, nguo zetu zikalala ghalani. Kiwandani wakatuambia kwamba nguo haziuzwi kwa nyimbo, na kwamba mwezi ujao wangechukua lori lao. Felisiani alikonda. Ndipo alipotunga mchezo wa mahari.

Tulipouanza pale Buhare, bibi arusi aliitwa Nyamburi, tajiri aliitwa Mkwasi, na ng'ombe walikuwa wanaume wanne wa sauti ya chini wenye pembe za maboksi. Mshenga analeta kundi langoni, anaimba. Bibi arusi anaulizwa mara tatu. Katika mchezo ule wa kwanza, Nyamburi alikataa.

Halafu akaanza kubadilisha. "Jeno, mwanzo akubali, mwisho ndio akatae. Uchungu utakuwa mkubwa zaidi. Huo mwisho bado nautafuta; kwa sasa tuishie langoni." Nikasema sawa. "Jeno, watu wa Butiama wamekulia kwenye mazizi. Hawatavumilia ng'ombe wa maboksi. Boniphace atatuazima wa kweli." Sawa. "Shule ya kwenu paa limeezuliwa na upepo. Tuimbie uani kwa baba yako, pana zizi na lango." Hapo nilimrukia shingoni. Nilidhani anataka baba amwone, aone jinsi watu mia wanavyomnyamazia mtu wa ziwani akifungua kinywa.

Na siku yenyewe asubuhi: "Jeno, tutumie majina ya kweli. Lako, na la mwenye ng'ombe, kumshukuru. Jina la kweli linaliza watu."

Sawa, nikasema. Sawa, sawa, sawa. Mshenga katika mchezo alikuwa Felisiani mwenyewe. Alisimama kwenye lango la baba yangu na kundi la mwanaume mwingine, akaimba kwa ile sauti yake:

*Kundi hili ni la Boniphace,*
*Anamwomba Jenoveva, langoni kwake.*

Nami nikatandika majani mabichi chini ya lango kama ukoo wetu unavyofanya, nikamtazama machoni, yeye, mpenzi wangu, nikamwimbia kwa moyo wangu wote: *Wapite.* Mara tatu. Niliimba vizuri sana. Sijawahi kuimba vile tena.

*

Nilipata lifti ya trekta la pamba, nikafika Bunda saa saba mchana. Wenzangu walikuwa ndani ya ghala tupu la pamba wakipanga vitambaa vya jukwaa. Hyasinta, rafiki yangu wa tangu mashine ya kwanza, ndiye aliyeniona.

"Bibi arusi huyo!" akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata. "Wifi wa Nyamuswa! Sasa utatukumbuka, ukishakunywa maziwa ya matajiri?"

"Hyasinta, mlijua?"

Kigelegele kikamfia mdomoni. "Tulijua nini? Mwalimu Felisiani alituambia umekubali mwenyewe. Alisema unaona aibu, tusikuulize. Mimi nikasema, hata mimi unanificha, Jenoveva? Nimekununia siku nne nzima, hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa kiziwi na kipofu pia.

Felisiani alikuwa nyuma ya marobota, amepakata ritungu, lile zeze letu la nyuzi nane, akikaza uzi. Daftari lake la nota lilikuwa gotini. Aliponiona hakushtuka. Hilo liliniumiza kuliko kama angekimbia.

"Ng'ombe wako kwetu, Feli."

"Najua."

"Unajua."

"Kaa kwanza, Jeno."

"Usiniite Jeno."

Akaliweka ritungu chini taratibu, kama mtoto aliyelala. "Kundi linakufa. Umeona mwenyewe. Mwezi ujao hatuna lori, hatuna ukumbi. Miaka mitatu ya kazi, Stanislausi arudi kuvuta mikokoteni, Hyasinta auze vitumbua. Boniphace ana malori mawili na dizeli. Atatupeleka Mwanza, atatupeleka Tabora, akipenda hata Dar es Salaam. Alitaka kitu kimoja tu."

"Kitu."

"Neno limenitoka."

"Halikukutoka. Wewe hutoagi neno ambalo hujalitunga."

Akalifunga daftari lake. Nje Hyasinta alikuwa akiwafukuza watu mlangoni. Nikamsikia akisema, "Ondokeni, hii haina kiingilio."

"Ungeniuliza," nikasema. "Ungeniuliza tu. Feli, mimi ningelala njaa kwa ajili ya kundi hili. Ningeimba bila viatu."

"Nilijua nikikuuliza utakataa."

"Kwa hiyo hukuniuliza."

"Nilikuuliza," akasema polepole. "Mara tatu. Mbele ya watu mia."

Nilimpiga kofi. Sijui mkono ulitoka wapi. Aliupokea bila kusogea, na macho yake yaleyale mapana yakajaa maji. Na nikuambie aibu yangu yote, wewe unayesoma: hata wakati ule nilitaka kuyafuta.

"Uliniambia ukipata ng'ombe hata watano utarudi kwa baba," nikasema.

"Nitawatoa wapi? Mshahara wenyewe wa miezi miwili hatujauona. Ningekusubirisha hadi lini, ukiwa na mvi? Nikawaza, angalau sauti isipotee. Boniphace ameahidi hatakukataza kuimba. Utakuwa kwenye kundi. Nitakuwa nakuona kila siku."

"Nikiwa mke wa mtu."

"Nitakuwa nakusikia. Mimi hilo linanitosha."

"Mimi halinitoshi, Feli. Miaka mitatu hujawahi kuniuliza linalonitosha mimi."

Akasimama, akapita nyuma yangu kama alivyozoea. Nikavisikia vidole viwili begani, vikigonga, polepole, wimbo wa kwanza kabisa alionifundisha. Mwili mjinga ule ukavuta pumzi, tayari kuimba. Kama angesema nisamehe wakati ule, siku ile, ndani ya ghala lile, sijui ningefanya nini. Naogopa kujua.

"Saa kumi tunaanza," akasema. "Boniphace anakuja na ndugu zake. Imba leo tu, haya mengine tutayapanga."

Nikautoa mkono wake begani kama mtu anayetoa kiwavi.

"Imba wewe. Sehemu yangu unaijua. Si ulinitungia hata majibu?"

*

Nilirudi kwetu jioni, vumbi hadi kwenye kope. Baba alikwenda kunywa na kina Keraryo. Walikuwa na sababu. Mama yangu, Esta, alikuwa jikoni akipukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Amekiri?" akauliza.

"Amekiri."

"Na unampenda bado?"

Nikakaa kando yake. Alinitupia hindi. "Pukuchua. Mikono ikikaa bure, macho hulia."

Tukapukuchua. Baada ya muda akasema, kama anaongea na mahindi, "Baba yako amesema hawatoki kwa maneno. Hakusema hawatoki."

Mikono yangu ikasimama.

"Mkwe wangu, bibi yako, alishuhudia akiwa msichana. Binti mwenyewe ndiye anayewatoa. Si kaka yake, si mshenga. Anatandua majani yake langoni, anawaswaga kwa mguu hadi walikotoka, na asinyamaze. Wimbo uleule uliowaingiza, ugeuzwe. Akifika, anaimba langoni kwa wenyewe. Mara tatu, kama alivyoulizwa."

"Basi?"

"Si basi. Mwanamke wa nyumba ile lazima aitikie. Wimbo usiopokewa ni kelele za njiani. Akiitikia, unamalizia mstari mmoja wa kufunga, umefunguka. Asipoitikia, unabaki hukohuko na ng'ombe wako, umejipeleka mwenyewe, na mimi sitakuwa na mdomo wa kukudai."

"Mwanamke wa Boniphace ni nani?"

"Anaitwa Marcelina. Ana watoto watano. Nilimwonaga mnadani. Zaidi ya hapo simjui, mwanangu. Moyo wa mwenzio msitu."

Alfajiri nilikwenda langoni. Majani yangu yalikuwa yamekanyagwa hadi yamekuwa meusi. Nikayaokota moja moja, nikayatupa nje, nikavuta miti ya lango, nikaanza. Ule wimbo wa Felisiani, tuni ileile, maneno nikiyageuza kadiri yalivyokuja:

*Kundi hili ni la Boniphace,*
*Lilipotea njia, lirudi kwake.*

Baba akatoka amejifunga shuka, fimbo mkononi. "Jenoveva!"

Sikunyamaza. Dume la mbele lilikuwa limeshatoka. Baba akasimama mbele yake, akainua fimbo. Nikamtazama huku naimba. Alikuwa amenifundisha sheria ile yeye mwenyewe, jana tu, kwa kujigamba, na sasa ilikuwa imemsimamia usoni na pembe zake mbili. Mama alikuwa mlangoni, mikono kifuani, akimtazama pia.

Mkono wa fimbo ukashuka.

"Ukikosa kuitikiwa," akasema, "usinilaumu."

Akapisha njia.

*

Kutoka kwetu hadi Nyamuswa ni mwendo wa kutwa ukiwa na ng'ombe wanaopenda kusimama kwenye kila jani. Niliimba. Sauti ilikatika karibu na mto, nikaimba kwa mkwaruzo. Wachunga ng'ombe walisimama kunitazama, maana kwetu mwanamke haswagi kundi la mahari; mmoja akapiga kelele, "Dada, umemuoa nani?" Wenzake wakaangua kicheko. Kikongwe mmoja aliyekuwa akipalilia mtama akawakemea, akaweka jembe chini, akasimama wima hadi nilipopita. Yeye alijua.

Kila hatua nilikuwa najiuliza: kama Marcelina ana uchovu wa watoto watano na anataka msaidizi? Kama ni mtu wa kuogopa mume? Na nilijiuliza jingine pia, la kijinga, kama Felisiani amelala, kama amekula.

Alikuwa amekula. Nilipofika kwa Boniphace alasiri, nilimkuta Felisiani uani, kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi. Jana yake Bunda hawakuimba. Bila mimi wangeimba nini? Alikuwa amekuja kumwomba tajiri radhi na kulishikilia lile lori.

Boniphace akainuka. Alikuwa mwanaume mnene, mpole wa sura, koti la mtumba limembana kwapani. Akalitazama kundi, akanitazama mimi, akamgeukia Felisiani.

"Mwalimu, hii nayo iko kwenye mchezo?"

Felisiani alikuwa ananisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama alivyofanya Buhare sauti ilipomwingia.

Nikaimba mara ya kwanza. Kwenye mlango wa jiko akatokea mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Alinitazama tu.

"Binti," Boniphace akasema, "kuna nini? Mwalimu aliniambia wewe mwenyewe ndiye uliyetaka. Alisema unaona haya kusema, utasema kwa wimbo. Mimi si mtu wa kushika mtoto wa watu kwa nguvu."

Kwa hiyo hata mnunuzi alidanganywa. Nikaimba mara ya pili. Sauti ilitoka kama mlango mkavu. Watoto wengine wanne wakaja kujipanga ukutani. Mwiko wa Marcelina ulikuwa unadondosha uji chini, tone, tone, na hakuitikia.

Boniphace akaona pa kuponea. Ng'ombe kurudi mchana kweupe, majirani wanachungulia juu ya ua. Hilo si jambo dogo kwa mtu mkubwa wa Nyamuswa. "Marcelina," akasema kwa upole, "wewe rudi jikoni. Nyamaza, mambo haya hayakuhusu."

Mwanamke akageuza uso taratibu, akamtazama mumewe.

"Hayanihusu? Ng'ombe kumi na wawili wametoka kwenye zizi ninalolifagia mimi. Dume lile la mbele nililinyonyesha kwa chupa mama yake alipokufa. Uliniuliza lini, Boniphace?"

"Nilitaka nikwambie..."

"Hata huyu hakuulizwa," akasema, akininyooshea mwiko. "Tumefanana."

Nikaimba mara ya tatu. Na Marcelina akafungua kinywa. Hakuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa nene, ya kuitia ndama, na alipatia tuni nusu tu. Lakini alipokea:

*Kundi limefika, nimelipokea,*
*Binti arudi kwao, hana deni.*

Ilibaki mstari wangu mmoja wa kufunga, kisha lango. Nikavuta pumzi, na wakati navuta nikatazama upande wa viti.

Felisiani alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, machozi ya kweli, sitamsingizia. Na daftari lilikuwa gotini kwake, na mkono ulikuwa unaandika. Alikuwa ameandika kurasa mbili. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagonga paja, polepole kwa sauti ndefu, upesi kwa sauti fupi.

"Usisimame, Jeno!" akanong'ona kwa sauti iliyojaa. "Mstari wa mwisho! Huo ndio mwisho wa mchezo tulioutafuta. Huo huo. Endelea, mpenzi wangu, naomba, endelea!"

Ndipo mapenzi yalipokufa. Hayakufa Bunda, wala langoni kwa baba. Yalikufa pale, nikiutazama ule mkono.

Nikafunga kinywa. Nikapita kati ya ng'ombe hadi kwa Marcelina, nikaweka mdomo sikioni kwake, na nikamwimbia mstari wa mwisho yeye peke yake, kwa sauti ambayo hata mtoto aliyelala mgongoni haikumwamsha. Marcelina akasikiliza hadi mwisho. Akacheka, kicheko kifupi cha pua, akafuta jicho kwa kisigino cha mkono, akaenda kuwafungulia ng'ombe zizi.

Wakaingia wote kumi na wawili.

"Umesema nini?" Felisiani akasimama, kalamu hewani. "Jeno, umemwambia nini?"

Nikaenda zangu.

Kundi lilifika Mwanza. Boniphace alitoa lori lake, nadhani kwa aibu. Hyasinta aliimba sehemu yangu, na aliniambia watu walishangilia kwa kusimama, hasa pale mwisho, wimbo unapokatika kabla haujafungwa. Walidhani ni ufundi wa mtunzi.

Felisiani alikuja Buhare, nilikorudi kuishi, mara moja, mwaka uliofuata, na kilo mbili za furu wakavu, wale wa zamani ambao hawapatikani tena. Alijua nilivyokuwa nawapenda. Akakaa mlangoni kwangu, akalifungua lile daftari kwenye ukurasa uliobaki mtupu, akaniangalia kwa macho yaleyale.

Nikasubiri. Mungu ni shahidi, nilimsubiri mtu yule kama anavyosubiriwa mgonjwa aamke. Nilisubiri aseme neno moja tu, ambalo hahitaji kulitunga.

Akaniomba ule mstari wa mwisho.